Nyama Niliyompelekea Durita

Hamravík, 14 Novemba 1999

Dada yangu mpendwa Durita,

Nimejiapia kukuambia kila kitu katika barua hii, hata yale ambayo ningependa kuyapunguza. Kwa hiyo tafadhali kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Kwanza salamu. Sote wazima. Mama yuko zamu ya asubuhi kule kwenye kiwanda cha samaki na mikono yake inapasuka kwa baridi kama kila mwaka. Baba bado yuko baharini. Alipiga simu kutoka melini akasema wamepata samaki wengi na mpishi mpya hajui hata kuchemsha viazi. Bibi Elspa analalamika goti lakini juzi alipanda juu ya paa la banda la kukaushia nyama ili apigilie ubao, na Mama alipomfokea akasema, "Goti ni la kushukia. La kupandia ni lile jingine."

Sasa jambo lenyewe.

Ulipoandika Septemba kwamba una mimba, Mama aliosha vyombo huku akiimba, na wewe unajua Mama haimbi. Kisha mimi nikapata barua yangu peke yangu, ukisema tumbo lako linakataa kila kitu cha huko Denmark, na unachotamani ni nyama ya nyangumi iliyokauka vizuri, na kipande chembamba cha shahamu, na viazi vya moto. Ukasema Mama anakuwekea samaki mkavu tu kwenye vifurushi, basi mimi niongeze nyama, na nisimwambie.

Nilifanya hivyo. Bibi alifurahi sana nilipomwomba. Alichukua nyama ya mgao wa mwaka jana, fungu letu kijiji kilipogawana nyangumi, ile iliyokaa kwenye upepo majira yote ya baridi, akakata sehemu ya katikati. "Mwenye mimba hakatiwi pembeni," alisema. Tuliifunga chini ya soksi za sufu. Kifurushi cha kwanza kilienda Oktoba na cha pili kimeondoka wiki iliyopita.

Alhamisi nesi wa wilaya alikuja darasani kwetu. Anaitwa Maibritt, ana sauti ya upole, na alianza kwa kutuuliza nani anakula nyama ya nyangumi. Sote tukanyoosha mikono. Akasema wasichana wasiile tena mpaka watakapomaliza kuzaa, na mwenye mimba asiiguse kabisa, kwa sababu ina zebaki nyingi, na zebaki humfikia mtoto tumboni na kugusa ubongo wake unapokuwa unajengwa.

Rói akadakia, "Kwa hiyo wasichana wasile, sisi tule?"

"Nyinyi hamzai," nesi akasema.

"Safi! Siku ya mgao nakuja kwenu na ndoo, Beinta."

Beinta akageuka. "Njoo. Wewe ule bahari nzima, hesabu haitakuingia wala haitakutoka."

Darasa lote likacheka. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Nilikuwa nakuona wewe mezani, na kisu, na ile nyama niliyoificha kwenye soksi.

Durita, umeila? Kama kifurushi cha pili hakijafunguliwa, kitupe. Kama umeila, niambie ni kiasi gani. Sijamwambia Mama.

Mdogo wako,
Malan

*

Esbjerg, 12 Desemba 1999

Malan mdogo wangu,

Usinikasirikie kwa kuchelewa. Dukani tuna kazi nyingi wakati huu wa kuelekea Krismasi, na jioni miguu yangu imevimba kama mikate. Torben anakusalimu. Amepaka rangi ya manjano chumba cha mtoto, na amejipaka na yeye mwenyewe, na kwenye sikio moja rangi bado haijatoka. Mama yake anatuletea kabichi kila Jumapili. Nimeacha kumwambia kwamba siipendi.

Mtoto anacheza. Jana nilikuwa nahesabu hela za mteja akanipiga teke, nikampa yule bwana chenji mara mbili. Mkunga anasema moyo unapiga vizuri.

Asante kwa vifurushi. Soksi zinanitosha. Torben anasema samaki mkavu wetu ananuka kama turubai la mashua, lakini nilimwona akirudi kuchukua kipande cha pili.

Nimefurahi kwamba unasikiliza vizuri darasani. Wewe usijitie wasiwasi, Malan. Wasiwasi si kazi ya mtoto wa miaka kumi na mitatu. Mimi sasa sili chochote kinachotoka baharini, hata samaki. Nakula viazi na mkate, basi. Kwa hiyo hilo limekwisha.

Bado mnafanya yale masomo ya jioni na Mama? Mwambie akupumzishe wakati wa sikukuu.

Na kama tulivyosema, Mama asijue.

Nakubusu,
Durita

*

Hamravík, 16 Januari 2000

Dada Durita,

Tunakutakia mwaka mpya mwema wewe na Torben na sikio lake. Baba alikuwepo nyumbani sikukuu nzima. Alilala siku mbili, kisha akala, kisha akalala tena. Kondoo mwenye doa jeusi alianguka kutoka kwenye jabali la juu. Baba na jirani Hanus walimtafuta lakini hakupatikana.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Niliigeuza hata nyuma ya karatasi. Nilikuuliza swali moja, na umenieleza juu ya kabichi.

Kwa kuwa hukunijibu, nilimfuata nesi Maibritt siku aliyokuja kuwachanja watoto wadogo. Nilisema ninaye ndugu aliye Denmark ambaye ni mjamzito na ameacha samaki wote kwa hofu. Alinishika bega akasema, "Jamani, mwambie asiache samaki! Hawa weupe tunaowavua hapa ni chakula kizuri kabisa kwa mwenye mimba. Mafuta ya samaki yanamjenga mtoto, ubongo na macho. Ninayemkataza ni nyangumi. Yeye si samaki, anaishi miaka mingi na anakula ngisi wengi, na zebaki ya kila anachokila inabaki mwilini mwake." Kwa hiyo kula samaki, Durita. Viazi na mkate peke yake havimtoshi mtoto.

Nikamwuliza, je, nyama ikikaa kwenye upepo mwaka mzima, zebaki haitoki? Maana Bibi ndivyo anavyosema, kwamba upepo wetu unatoa kila kibaya. Nesi akatikisa kichwa. Upepo unatoa maji tu. Zebaki inabaki yote, na nyama imekuwa ndogo, kwa hiyo kila tonge lina zebaki zaidi kuliko ikiwa mbichi. Na mimi na Bibi tulichagua ile iliyokauka kuliko zote.

Nilimweleza Bibi tukiwa bandani.

"Nesi huyo amezaliwa juzi," akasema. "Mimi nimezaa sita na wote wana akili, ukimtoa mjomba wako Páll, na yeye kinachomsumbua ni uvivu."

"Bibi, wamepima."

"Wapime upepo. Sisi tumekula hii tangu kisiwa hiki kina watu. Au na wewe unataka tule kabichi?"

Nilidhani yataishia hapo. Lakini siku tuliyoshusha mti wa Krismasi, tukiwa mezani, Bibi akanisifu mbele ya wote. Akasema Malan ni msichana mwenye moyo, hakumsahau dada yake, amempelekea nyama ya katikati mara mbili.

Mama aliweka uma chini.

"Umempelekea nini?"

"Nyangumi," nikasema. "Aliniomba."

Baba akasema, "Marin, polepole," ingawa Mama alikuwa hajasema neno lolote baya. Mama hakumtazama Baba. Alimtazama Bibi, akasema kwa sauti ndogo sana, "Umenifanyia mara mbili sasa." Bibi akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Mama alikupigia simu hapo hapo jikoni. Tulimsikia sote. Alikuuliza kama umeila, na baadaye akashusha pumzi akatuambia, "Anasema hakuionja. Aliwapa watu wa kazini kwake." Kisha akakata simu, akaja kwangu, akanishika kichwa kwa mikono yake miwili iliyopasuka, akanitazama kama daktari anavyotazama kidonda.

"Saba mara nane," akasema.

"Hamsini na sita, Mama."

Akalia. Durita, mimi nilijibu sawa! Nilijibu sawa na Mama akalia mbele ya Baba na Bibi, na hakuna aliyenieleza, na Baba akaenda kuangalia mashua ambayo imefungwa tangu Septemba.

Je, ni kweli uliwapa watu wa kazini? Wewe ulisema tumbo lako linakataa kila kitu isipokuwa hiyo. Na Bibi alimfanyia Mama nini mara ya kwanza?

Malan

*

Esbjerg, 20 Februari 2000

Malan,

Leo sitaandika habari za kabichi.

Nilimdanganya Mama kwenye simu. Niliila. Kifurushi cha kwanza nilikimaliza chote, kidogo kidogo, kila siku nikitoka kazini. Cha pili nilikula kama nusu, kisha barua yako ikafika, na nilikuwa na kipande mdomoni nilipokuwa naifungua. Nilikitema. Kilichobaki Torben alikitupa, na tangu siku hiyo sijaigusa. Mkunga nimemwambia ukweli. Alichukua damu na akakata nywele zangu kidogo nyuma ya kichwa ili wapime zebaki. Majibu hayajaja. Amesema zebaki hutoka mwilini taratibu kadiri miezi inavyopita, na nilifanya vizuri kuacha, na zaidi ya hapo hawezi kuniahidi kitu. Samaki nimerudia kula, kama nesi wako alivyosema.

Sasa nitakujibu swali la pili, ingawa Mama aliniomba nisikwambie kamwe. Lakini umeshaliona lile jicho lake, na sitaki ubaki nalo peke yako.

Mama alipokuwa na mimba yako, Bibi alimlisha nyangumi na shahamu karibu kila siku. Mwaka ule nyangumi walikuja wengi, na Mama alikuwa mwembamba, na Bibi alisema mtoto atatoka kama uzi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ulipozaliwa, watu wa hospitali walichukua nywele za Mama. Unakumbuka ulipokuwa na miaka saba, ukapelekwa mjini, ukachezeshwa michezo ya picha na vibao ukapewa juisi? Uliporudi ulituambia ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilimsikia Mama bandani akimwambia Bibi kwamba nywele zake zilikuwa na zebaki nyingi mno, na wewe ulionyeshwa picha za vitu vya kawaida ukashindwa kuvitaja, vitu ambavyo wenzako walivitaja. Bibi akasema mtoto ana aibu tu. Mama akasema, "Hana aibu. Nimemlisha mwenyewe kwa mikono yangu."

Wiki ile ile yakaanza masomo ya jioni.

Utaniuliza, kama nilijua haya yote, kwa nini nimekula. Nimelifikiria swali hilo kuliko unavyojua. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa mbali, na ile nyama ilikuwa na harufu ya banda letu. Lakini sababu yenyewe ni wewe. Nilikaa na kisu mkononi nikajiambia: Mama alikula kila siku, na mtazame Malan. Anaandika vizuri kuliko mimi, ana alama nzuri, hakuna mtu anayemkuta na kasoro yoyote. Kama huo ndio ubaya wa zebaki, basi na mimi nipewe ubaya huo.

Nikala.

Usimchukie Mama. Mimi ukitaka nichukie kidogo.

Durita

*

Hamravík, 5 Machi 2000

Dada yangu Durita,

Mama mzima. Bibi mzima. Baba amerudi baharini. Ndege wa pwani wenye midomo mirefu myekundu wameanza kurudi na wanapiga kelele juu ya paa la shule. Nimeandika salamu kwa sababu barua huanza hivyo.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye kituo cha basi, na basi likaja, na dereva akafungua mlango akaniuliza, "Unapanda au unasubiri la mwaka kesho?" nami nikarudia kusoma mstari ule ule. Akafunga, akaondoka. Nilitembea mpaka nyumbani kwenye mvua.

Hapo mwanzo nilitaka kuchana kila kitu. Watu wote ninaokula nao meza moja walijua. Wewe, Mama, Bibi, na Baba na mashua yake. Nilikuwa nafikiri Mama ananifundisha jioni kwa sababu anapenda elimu. Nilikuwa najivunia! Nilimwambia Beinta kwamba mama yangu ni kama mwalimu wa pili. Kumbe kila jioni alikuwa anapima shimo.

Lakini kilichonishtua kuliko hayo yote ni lile neno lako, mtazame Malan. Umemlisha mwanao kwa sababu yangu. Mimi ndiye ushahidi wako. Na ushahidi wenyewe si sawa, Durita, nawe hukuniuliza.

Hiki sijawahi kumwambia mtu. Barua zangu unazozisifu naziandika mara nne au tano. Ile ya Novemba niliianza siku tatu kabla ya tarehe niliyoiandika juu. Maneno yananikimbia. Naitazama sufuria, naijua ni kitu gani, nimeiosha maisha yangu yote, na jina haliji. Nasimama mbele yake kama mjinga mpaka nizunguke: ile ya kupikia, ile ya viazi. Darasani nikiulizwa ghafla, Beinta huninong'oneza. Siku ile Mama alipouliza saba mara nane, nilijibu kwa sababu ninaikariri kwa wimbo. Angeuliza nane mara saba ningeanza wimbo mwingine kuanzia mwanzo, kimoyomoyo, na yeye angeona midomo yangu ikitembea. Nilijifunza kuificha. Nilidhani watu wote wako hivyo, kisha nilidhani mimi ni mvivu tu kama Mjomba Páll.

Jumatano nilikwenda kwa nesi Maibritt nikamwambia yote, nikamwuliza moja kwa moja kama ni zebaki. Hakunidanganya. Alisema hakuna daktari anayeweza kumchukua mtoto mmoja na kusema hiki ni zebaki na hiki alizaliwa nacho. Wanaona wakipima wengi kwa pamoja, kwamba akina mama waliokula sana, watoto wao wanachelewa kidogo katika maneno na kumbukumbu. Kidogo, akasema. Nikamwambia, "Kidogo ndiyo hiyo sufuria." Akacheka, halafu akaniomba radhi kwa kucheka. Nilimpenda kwa hilo.

Kisha nikamwambia Mama kwamba najua. Alikuwa anamenya viazi. Alisema, "Nani?" nikasema, "Durita, na usimkasirikie." Hakuacha kumenya. Nikamwambia kuhusu wimbo wa hesabu na kuhusu maneno yanayokimbia. Nilitegemea atalia tena, lakini alisema, "Mimi nilidhani ukijifunza sana pengo litaziba." Nikasema limeziba kidogo, Mama. Ni kweli pia, Durita. Bila zile jioni nisingekuwa nakuandikia hivi. Akanipa kisu kingine tukamenya pamoja. Jioni ile hatukusoma kitu. Bibi alipoingia akatazama nyuso zetu, akatoka bila mzaha hata mmoja. Asubuhi niliona ameshusha nyama yote ya mgao wetu kutoka bandani na kumpa jirani Hanus, ambaye ana wavulana tu na mke wake amepita umri wa kuzaa.

Kuhusu wewe, Mama anajua kwamba ulikula. Sikutaka kuwe na uongo mwingine kwenye ile simu ya jikoni. Hakusema chochote kibaya. Aliuliza tu mtoto anatarajiwa wiki gani, ingawa anaijua, na ameomba ruhusa kiwandani aje kwako Aprili.

Nimekukasirikia. Nadhani nitaendelea kidogo. Lakini ninapofikiri juu ya huyo mtoto na chumba chake cha manjano, sitaki aje katika nyumba ambayo watu watamtazama kama Mama alivyonishika kichwa. Majibu ya nywele zako yakija mabaya, mniite. Mimi nitajua la kufanya akiitafuta sufuria. Nitamwachia muda, wala sitamnong'onezea haraka.

Barua hii sikuiandika upya. Hivi ndivyo ilivyotoka mara ya kwanza, na imenichukua tangu mchana. Mistari niliyoikata utaiona.

Ulisema ulinitazama ukiwa na kisu mkononi, ukatamani mtoto wa namna yangu. Wakati ule ulikuwa unamtazama msichana asiyekuwepo. Sasa umenijua. Nijibu kwa barua ya kwanza itakayoondoka huko, usiningojeshe kama mara zile, na usiniandikie habari nyingine yoyote: je, mtoto wa namna yangu, bado unamtaka?

Malan